Njia Panda ya Bogoro na Haki ya Anayetembea kwa Miguu

Mhadhara kwa wakazi wa Bogoro, wamotari, madereva na wasafiri wa njia ya Bunia na Kasenyi



Nina neno moja la kuwaambia, na yote yatakayofuata ni kulieleza. Barabara inayokata kijiji katikati ni ardhi ya kijiji kwanza, ndipo iwe njia ya magari. Mwenye gari huipita Bogoro kwa dakika chache akaenda zake. Mama anayekwenda kuteka maji, mtoto anayekwenda shule, mzee anayekwenda kanisani, hao huivuka siku zote za maisha yao. Basi mwendo wa gari ndani ya Bogoro upimwe kwa mwili wa anayevuka, maana ndiye anayekufa.

Wengi wetu tumelelewa na usemi kwamba ajali haina kinga. Ni usemi wa kuwafariji waliofiwa, na penye msiba una kazi yake. Lakini matanga yakishaanuliwa unatudhuru, kwa sababu unatuzoeza kuzika bila kuuliza. Gari lilikuwa na mwendo gani? Mtoto alikuwa akitembea wapi, na kwa nini hapo? Breki za baiskeli zilikuwa zinashika? Maswali haya yana majibu, na kila jibu lina kazi ya mikono nyuma yake. Anayeamini kwamba uhai u mikononi mwa Mungu ana sababu kubwa zaidi ya kuulinda.

Njia hii na watu wake

Bogoro iko takriban kilomita 25 kutoka Bunia, katika sheferi ya Bahema Sud, teritwari ya Irumu. Hapa njia inagawanyika. Tawi moja linateremka hadi Kasenyi na Tchomia, kwenye Ziwa Albert. Jingine linaelekea kusini, kwenda Gety, Aveba na Boga. Enzi za Wabelgiji Kasenyi ilikuwa bandari, meli zikivuka kutoka Butiaba upande wa Uganda. Leo samaki hupanda kutoka ziwani, bidhaa za Bunia hushuka, na kutoka milima ya Wangiti huja maharagwe, mihogo na makala. Sehemu kubwa ya mzigo huo hubebwa na binadamu: kichwani, mgongoni, na juu ya baiskeli.

Njia panda ina thamani, na thamani hiyo imewahi kutugharimu. Kijiji hiki kilishambuliwa alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003. Katika kesi ya Germain Katanga, aliyetiwa hatiani mwaka 2014 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko La Haye, ilielezwa jinsi nafasi ya Bogoro kwenye barabara ya Bunia na ziwa ilivyokifanya kijiji kigombaniwe. Nalitaja hili kwa heshima ya waliozikwa hapa. Kijiji kilichofundishwa thamani ya uhai kwa msiba ule hakina ruhusa ya kuzoea kupoteza watu chini ya magurudumu ya malori ya Fuso. Tena barabara hii ni ya wote. Muhema, Mungiti, Mubira na mfanyabiashara Munande hukutana kwenye njia panda ileile na mizigo yao kichwani. Anayeifanya iwe salama kwa mtoto wake ameifanya iwe salama kwa mtoto wa jirani, atake asitake.

Tusidhani kwamba shida hii ni yetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilihesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka mmoja. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachowaua zaidi ya barabara. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Kanda ya Afrika ya shirika hilo ina takriban asilimia 3 tu ya magari ya dunia, lakini ina asilimia 19 ya vifo. Tuna magari machache kuliko wengine wote, na bado yanatumaliza, kwa sababu tumeyachanganya na watu bila kuyawekea mpaka.

Hesabu ya mwendo

Naomba tufanye hesabu pamoja, na wanafunzi watusaidie. Dereva mzima, asiyelewa na asiyeshika simu, anahitaji kama sekunde moja na nusu kumwona mtu, kuamua, na kukanyaga breki. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, katika muda huo gari limekwenda kama mita 12. Breki zikishashika kwenye udongo mkavu, linahitaji kama mita 7 au 8 zaidi. Jumla ni mita 20.

Kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja na nusu ni mita 25 kabla breki haijaguswa. Na kwa kuwa mwendo ukizidishwa mara mbili nguvu ya kuuzuia huzidi mara nne, gari linahitaji karibu mita 28 nyingine ili lisimame. Jumla inavuka mita 50, na hapo breki ni nzuri, matairi yana meno na mzigo haujazidi. Kwenye tope, ongezeni wenyewe.

Sasa mtoto ameingia barabarani mita 20 mbele ya gari. Dereva wa kilomita 30 anasimama mbele yake, moyo ukimdunda, na mtoto anarudi nyumbani. Dereva wa kilomita 60 anafika pale alipo mtoto kabla mguu haujagusa breki. Anamgonga kwa mwendo wote. Dereva ni yuleyule, gari ni lilelile, mtoto ni yuleyule. Hiyo ndiyo tofauti ya kilomita 30 na 60, na hakuna ustadi wa usukani unaoweza kuifuta.

Ndiyo maana mwaka 2020, katika mkutano wa mawaziri huko Stockholm, nchi nyingi zilikubaliana kwamba pale magari yanapochanganyika na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukaweka lengo la kupunguza vifo kwa nusu kufikia mwaka 2030.

Hapa nina onyo. Tunalilia barabara itengenezwe, na ni haki yetu: tunalipa peaje, ushuru wa barabara, na mfuko wa FONER umekuwepo kwa sheria tangu mwaka 2008 kwa ajili ya matengenezo. Lakini greda ikishapita, lori lililokuwa likisota kwa kilomita 20 kati ya mashimo linaruka kwa 60 mbele ya milango yetu. Siku tutakayopata barabara nzuri ndiyo siku ya hatari kubwa zaidi, ikiwa hatukuomba njia ya miguu na matuta katika kazi ileile. Tuombe mapema, wakati mashine bado ziko hapa.

Vumbi, tope na giza

Watu wa mjini huuliza kwa nini wanakijiji hutembea katikati ya barabara, kana kwamba ni ukaidi. Aliyewahi kutembea hapa wakati wa mvua anajua jibu. Pembeni kuna utelezi na mtaro uliobomoka. Mgongo wa barabara ndio uliobaki mkavu. Mama mwenye gunia kichwani na mtoto mgongoni hachagui katikati kwa kupenda. Amesukumwa huko na barabara isiyo na ukingo.

Kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari, tope linakuwa vumbi. Gari la kwanza linapita, wingu linabaki nyuma, na gari la pili linaingia ndani yake bila kuona kitu. Mwendesha baiskeli aliyekwepa la kwanza anarudi njiani akidhani amepona. Sheria ya vumbi ni rahisi: aliye kwa miguu au kwa baiskeli asirudi barabarani mpaka awe ameona mbali, na dereva asiyeona mbele hana haki ya kusonga mbele.

Kisha giza. Kwetu, karibu na ikweta, jua halina jioni ndefu. Saa kumi na mbili na nusu kumekwisha kuwa usiku. Mtu aliyevaa nguo nyeusi anaonekana kwa taa za gari akiwa mita 25 hivi. Kumbukeni hesabu yetu: kwa kilomita 60, hizo ndizo mita ambazo dereva huzitumia kabla hajagusa breki. Mtu mwenye kipande cha utepe unaong'aa anaonekana kutoka zaidi ya mita 100. Utepe huo unauzwa pamoja na vipuri vya pikipiki. Ushoneni kwenye mikoba ya watoto, ubandikeni nyuma ya baiskeli na kwenye madumu ya maziwa. Asiyeupata avae kitambaa cheupe mgongoni. Dereva naye akague taa zake: gari au pikipiki isiyo na taa ilale ilipo.

Upande wa kutembea

Kongo tunaendesha kulia. Kwa hiyo anayetembea kwa miguu atembee kushoto, ili magari ya upande wake yaje akiyaona kwa macho yake. Mwendesha baiskeli akae kulia, kama magari, wala asiende kinyume. Anayevuka atazame kushoto kwanza, kisha kulia, kisha kushoto tena, kwa kuwa gari la karibu naye linatoka kushoto.

Walimu, nawaomba mlitilie hili mkazo kwa sababu inayotuhusu sisi hasa. Watoto wengi wa Ituri wamekulia Uganda, kambini Kyangwali na kwingineko, ng'ambo ya ziwa. Uganda wanaendesha kushoto. Mtoto aliyefundishwa vyema huko kutazama kulia kwanza anarudi hapa na somo lililo kinyume cha barabara yetu. Hajakosea yeye, lakini asipofundishwa upya, atatazama upande usio na gari. Aliyerejea apewe somo hilo siku ya kwanza ya shule.

Madereva pia mna lenu. Magari mengi yanayotoka Uganda yana usukani upande wa kulia. Hapa kwetu, dereva wake hukaa upande wa mtaro, na akitaka kulipita lori lililo mbele yake inambidi atoe karibu gari zima ndipo aone kinachokuja. Anayekuja akiwa na baiskeli hana pa kukimbilia. Mwenye gari la namna hiyo asijaribu kupita mwingine kijijini wala kwenye kona, hata mara moja.

Baiskeli yenye mzigo

Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko mita 620 hivi. Kati yake njia huanguka kwa zaidi ya mita 600. Kijana anayeshuka kuelekea Kasenyi na gunia zito nyuma ana kitu kimoja kati yake na genge: vipande viwili vya raba kwenye rimu. Vikikauka au vikipata mafuta, anabaki na kisigino cha kandambili kwenye tairi la nyuma. Nimeona wengi wakiendesha hivyo, na ninawaomba waache. Raba za breki ni bei ndogo kuliko gunia moja la makala. Kagueni breki kabla ya mteremko, teremkeni polepole tangu juu, maana mwendo ukishazidi hauzuiliki tena, na penye ukali mshuke mkokote kwa miguu.

Mzigo nao usitokeze pembeni kupita upana wa usukani, kwa sababu lori hugonga gunia kabla ya kumgonga mtu, na gunia humvuta mtu. Na mnaobeba watoto nyuma, fungeni ubao au turubai juu ya spoki, na mtoto awe na kiatu. Mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoki huchanika na mara nyingine huvunjika, na yote hayo katika safari ya kwenda shule tu.

Wamotari, ninyi mko kati ya pande mbili: mnaweza kuuawa na lori na mnaweza kumuua mtembea kwa miguu. Kofia ngumu iliyofungwa vizuri hupunguza sana hatari ya kifo na ya kuumia ubongo. Mvae, na abiria apewe yake. Lakini kofia yako haimlindi bibi unayempita kwa nguvu sokoni. Yeye analindwa na mwendo wako.

Suhum na Dar es Salaam

Kuna watu watakaosema haya ni ya nchi tajiri. Nitawajibu kwa Afrika. Nchini Ghana, kwenye barabara kuu ya Accra na Kumasi, kuna njia panda ya Suhum, mahali kama hapa, ambapo magari yalipita kwa kasi na watu wakafa. Waliweka mistari ya matuta madogo ya mfululizo yanayolitikisa gari na kumwamsha dereva kabla hajafika. Ajali zikapungua kwa takriban asilimia 35, na vifo kwa takriban asilimia 55. Hawakujenga daraja wala kununua kamera.

Dar es Salaam, shirika la Amend lilipita shule kwa shule. Lilitazama watoto wanavyotembea, kisha likajenga njia za miguu, matuta, vivuko na alama mbele ya shule hizo. Majeraha ya watoto yakapungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikashinda tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI. La kuiga zaidi ni utaratibu wake: walianza kwa kutazama miguu ya watoto, ndipo wakashika koleo.

Tuta nalo lina ufundi wake. Kigogo kilichotupwa njiani au mfereji uliochimbwa usiku ni mtego, na anayenaswa kwanza ni mtu wa pikipiki au wa baiskeli. Tuta jema lina kimo cha sentimita 10 hivi na urefu wa karibu mita 4 kwa mwelekeo wa safari, ili gari lipande na kushuka bila kuvunjika ilimradi linakwenda polepole. Lijengwe kwa mawe na udongo mwekundu ulioshindiliwa, liachie nafasi ya maji na baiskeli pembeni, na mawe yaliyopakwa chokaa yaonyeshe kutoka mbali kwamba liko mbele. Na lijengwe kwa ruhusa ya Office des Routes na serikali, ili lisiondolewe kesho.

Hofu ya njiani na hasira baada ya ajali

Nisipotaja hofu nitakuwa sijasema kweli. Madereva wa Ituri hukimbia kwa sababu wamefundishwa na vita kwamba anayekwenda polepole anatekwa. Wakazi hurudi shambani wote kwa wakati mmoja, kabla ya giza, kwa sababu hiyohiyo. Matokeo yake, saa ambayo barabara imejaa watu zaidi ndiyo saa ambayo magari yanakimbia zaidi. Amani ikija, na mkataba uliosainiwa Gety na kundi la wapiganaji la FRPI tarehe 28 Februari 2020 ulikuwa hatua mojawapo, mazoea ya mbio hayaondoki yenyewe. Nawaomba madereva: hata mnapoogopa pori, mkiingia kijijini mko kwa watu. Nyumba ya kwanza ikionekana, mguu utoke kwenye mafuta.

Kuna hofu nyingine. Dereva anayegonga mtu hukimbia kwa sababu anaogopa kupigwa hadi kufa au kuchomewa gari. Hasira yetu naijua, lakini inamwua majeruhi mara ya pili, kwa kuwa gari hilo huenda ndilo pekee la kumfikisha hospitali Bunia. Mzuieni dereva bila kumgusa, andikeni namba ya gari, mkabidhini kwa polisi. Wakati huohuo mwingine abane jeraha linalotoka damu kwa kitambaa safi na asiachie, na majeruhi aliyeumia shingo au mgongo abebwe juu ya ubao, ameshikwa kichwa kisiyumbe. Kanuni ya barabara ya nchi yetu, Sheria Na. 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ipo. Kazi ya kuhukumu ni yake.

Tuanze na nini

Naomba Bogoro iamue mambo matatu.

La kwanza, kilomita 30 kwa saa kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kila chombo, pamoja na magari ya serikali, ya jeshi na ya mashirika. Chefu wa kijiji, polisi na chama cha wamotari waandike barua moja ya kuomba matuta matatu: shuleni, sokoni, na kwenye njia panda.

La pili, njia ya miguu nje ya mtaro. Tuna salongo, kazi yetu ya pamoja, na tunayajua majembe yetu. Upana wa mita moja na nusu watosha kwa watu wawili kupishana na baiskeli kusukumwa. Tuanzie shule, twende hadi sokoni, na kila salongo iongeze kipande. Tuweke madaraja madogo juu ya mtaro ili mtu asilazimike kushuka barabarani. Wenye vibanda vilivyosogea hadi ukingoni warudi nyuma hatua chache, maana mteja anayegongwa harudi kununua.

La tatu, daftari la ajali. Mwalimu mmoja na muuguzi mmoja waliandike: siku, saa, mahali, aliyeumia alikuwa kwa miguu au kwa chombo gani, gari lilikuwa la aina gani, mvua au vumbi, mchana au usiku. Majina yabaki siri ya familia. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litatuonyesha tuta la nne liwekwe wapi, na litakuwa ushahidi mikononi mwetu tutakapokwenda Bunia kuomba. Serikali husikia kilio mara nyingi na kukisahau. Hesabu iliyoandikwa kwa tarehe na mahali ni vigumu kuikana.

Barua, jembe na daftari havihitaji mfadhili wala mwaka ujao. Nimeongea na chefu na walimu kabla ya kusimama hapa, na wako tayari kukaa nasi sasa hivi. Anayejua kuandika abaki kwa ajili ya barua. Mwenye jembe aseme atakuja salongo ipi.